Kisiwa Kilichohesabiwa Sifuri

Dafrosa alizaliwa Ruanda, kule Mbinga, kwenye mibuni na baridi ya kuvalia masweta mawili. Hadi anafikisha miaka ishirini, maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona yalikuwa ya pipa la kuoshea kahawa. Ndipo akaolewa na Nazari wa Nahora, kisiwa kidogo katikati ya mto, nyuma kidogo ya pale unapoingia ziwani, upande wa Chiwanda. Ndugu zake walimsindikiza mpaka ukingoni, wakautazama mtumbwi, wakamwambia Mungu akusaidie, wakageuza.

Siku ya kwanza tu alikosea neno. Alisema, "Huku ng'ambo kuna mbu."

Mama mkwe akaacha kutwanga. "Ng'ambo ni kule, mwanangu. Hapa ni hapa."

Watu wa Nahora ndivyo walivyo. Babu zao waliingia kisiwani wakiwakimbia Wangoni, na tangu hapo dunia yote iliyobaki, kuanzia Chiwanda mpaka Ulaya, wanaiita ng'ambo. Hata mtu wao akiwa amesimama nchi kavu, tope la nchi kavu likiwa kwenye vidole vyake, atakwambia yuko ng'ambo. Dafrosa alijifunza. Akajifunza pia kupiga kasia, kuanika dagaa wa usipa, kulea watoto wanne bila mto kumla hata mmoja, na kuimba sauti ya pili kwenye kigango cha matete ambako padre alifika mara mbili kwa mwaka, mto ukimruhusu. Enzi hizo zilikuwepo nyumba ishirini na sita, na ugomvi wa kutosha nyumba sitini.

Mwaka juzi mto ukafurika, ukaondoka na nusu ya chini ya kisiwa: kigango, migomba, makaburi kumi na moja. La Nazari lilikuwa la tatu kutoka majini. Watu walilia. Dafrosa alikisubiri kilio chake kama mtu anayesubiri basi la Mbinga. Hakikuja, akaenda kumenya mihogo. Majirani wakahama, leo nyumba hii, kesho ile, mpaka akabaki yeye na shemeji yake Egidi, mdogo wa Nazari. Watoto walipopiga simu kutoka Songea kuuliza anafanya nini huko, alijibu anakaa. Ni kweli. Alikuwa anakaa.

Mwaka huu kijiji kikataka kujua kama Nahora bado ni kitongoji. Wakipatikana watu, kitabaki. Wasipopatikana, kitafutwa, na atakayeonekana huko baadaye ataitwa mvamizi. Akatumwa kijana mmoja, Jerome, na kishikwambi chake. Jerome aliuona mtumbwi, akasikia habari za mamba, akaamua kwamba kisiwa kinaweza kuhesabiwa vizuri tu mtu akiwa kwenye kivuli cha mashine ya kusaga, nchi kavu. Hapo ndipo Dafrosa alipomkuta, debe la unga kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Wewe unakaa ng'ambo?" Macho yake hayakutoka kwenye kishikwambi.

Dafrosa akashangaa. "Ng'ambo? Nikae ng'ambo nina nani? Nimekuja kusaga tu, narudi."

Saa moja baadaye Egidi naye akajibu kwamba ng'ambo anafuata chumvi, na kulala huko hata apigwe fimbo hakubali.

Wiki iliyofuata tangazo likabandikwa. Egidi ndiye aliyelisoma, akavuka kumpa habari.

"Shemeji, tumekufa."

"Lini?"

"Jumanne. Wameandika Nahora wakazi sifuri."

Dafrosa akaenda ofisini kwa mtendaji wa kijiji, mama mmoja aitwaye Aurelia. Jerome alikuwepo.

"Mama, si nilikuuliza mwenyewe?" Jerome akasema. "Ukasema hukai ng'ambo."

"Sikai. Nakaa Nahora."

"Sasa Nahora si ndiyo ng'ambo?"

"Ng'ambo ni hapa ulipokaa."

Jerome akakitazama kiti chake kama vile kimehama naye. Aurelia akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akanyamaza, maana sahihi iliyo chini ya tangazo ilikuwa yake.

"Mama Dafrosa, nimekuelewa. Lakini imeshapanda wilayani."

"Ishusheni."

"Haishuki, mama. Nahora imeshatoka kwenye orodha, na ikifika mwisho wa mwezi hatakiwi mtu kule. Ninachoweza ni kukuandika huku, upate kiwanja. Kuna kitongoji cha shuleni na cha mnadani. Chagua."

Mtu mwingine angepiga meza. Dafrosa aliitafuta hasira, ikawa kama ulimi baada ya sindano ya jino: upo, lakini si wako.

"Andika chochote," akasema.

Jerome akaandika mnadani.

Kesho yake asubuhi Egidi alipanda juu ya nyumba yake akaanza kung'oa mabati. Dafrosa alimshikia ngazi. Kila bati lilipotoka alilipokea, akaliegemeza ukutani, akarudi kwenye ngazi. Walifika bati la tisa.

"Shemeji," Egidi akaita kutoka juu, "ya kwako tuanze lini?"

Dafrosa akageuka kuitazama nyumba yake.

"Ya kwangu ni ya nyasi. Haina cha kung'oa."

Egidi akangoja aendelee. Dafrosa alikuwa amenyoosha mikono apokee bati la kumi.