Leo wameifuta X ukutani kwetu

Mwenye X nyekundu ukutani mwake asome hii.

Yetu, hapa Mabawa, ilichorwa miaka minane iliyopita. Tukaambiwa nyumba itavunjwa, treni ya mjini itapita hapa. Kila uchaguzi tunatajiwa tarehe mpya. Treni yenyewe hatujaiona.

Mwaka ule marehemu baba alishaleta mawe ajenge baraza mbele ya nyumba, awe anakaa na wenzake baada ya alasiri.

Mimi ndiye niliyemzuia. (Mjuaji mimi!)

"Baba, unajenga kitu cha kubomolewa?"

"Haya mwanangu, tungoje wapite kwanza."

Akangoja. Mawe yakaota majani. Wenzake wakahamia baraza la jirani, yeye akawa anakaa peke yake mlangoni kwenye kigoda, mpaka Mungu alipomchukua.

Leo akaja jamaa wa mradi na brashi. Eti gharama zimezidi, reli imehamishiwa kwingine. "Nyumba yenu haiguswi tena, dada."

Akaanza kuisugua X ukutani.

Alipomaliza akajifuta jasho, akatazama huku na huku.

"Dada, mbona hamna baraza? Nipumzike wapi?"

Nikamtolea kigoda cha baba.