Siku Niliyosema Dada Ameolewa

Nikisikia harufu ya samli iliyopashwa moto, mkono wangu huenda kichwani wenyewe. Hooyo, mama yetu, alitupaka samli kabla ya kutusuka, mimi na dada yangu Halima, nje ya nyumba yetu ya mikeka pale Garissa. Kwetu msichana alitembea na misuko yake wazi. Shash, kitambaa cheusi cha kichwani, alifungwa akiolewa, na mwanamume akikiona alijua huyo ni mke wa mtu, akageuza macho.

Mchumba wa Halima aliitwa Bishar. Kila alipoleta ng'ombe mnadani alikuja kuketi nje ya ukuta wa mikeka, mchana kweupe, dada akiwa ndani, na Hooyo karibu akisikia kila neno.

"Unanuka ng'ombe mpaka humu," Halima alimwambia siku moja.

"Izoee. Hiyo ni harufu ya mahari yako."

Hooyo akakohoa, nasi tukajua anaficha kicheko.

Kisha vita vikaja. Askari walijaa mjini, barabara zikafungwa, na kwa misimu miwili ya mvua Bishar hakuonekana. Binti wa jirani alikamatwa na askari njia ya mtoni. Aliporudi hakusema na mtu tena. Kesho yake Hooyo alimfunga Halima shash, ingawa hakuwa na mume. Wiki ile wasichana wengi wa mtaa wetu walifungwa. Mimi nilikuwa na miaka minane. Hooyo alinishika kidevu akaniambia, "Yeyote akikuuliza, sema dada yako ameolewa. Yeyote." Alinifanya niyarudie maneno hayo mpaka akaridhika.

Asubuhi moja Bishar akatokea, amekonda, kiatu kimoja kimefungwa kwa kamba. Halima na Hooyo walikuwa wamekwenda kuchota maji, naye Bishar alikuwa amemwona dada kwa mbali, kichwa kimefunikwa.

"Abaayo, mdogo wangu," aliniuliza, "Halima ameolewa?"

"Ameolewa."

"Na mtu mwema?"

Hilo sikuwa nimefundishwa. Nikasema, "Ndiyo."

Aliomba maji, akanywa, akaniombea dua, akaondoka. Hakuacha salamu, kwa sababu mtu mwenye adabu hampelekei salamu mke wa mwenzake.

Waliporudi nilimvuta Hooyo kando nikamweleza, nikingoja sifa. Aliketi chini palepale na mtungi wake. Alimtuma mjomba akamtafute mnadani, hakumpata. Baada ya siku chache tulisikia kuwa Bishar ni miongoni mwa waliouawa njia ya Wajir. Hooyo alinikataza kumwambia dada kwamba alifika kwetu.

Halima aliomboleza, kisha akaozwa kwa mfanyabiashara mzee. Miaka mingi baadaye, nyumbani kwake mtaa wa Iftin, mjukuu wake alikuwa chumbani akicheka na mchumba kwenye simu, mlango umefungwa, wala hakuna aliyemkemea. Halima alisikiliza, akasema, "Mimi Bishar hakuja hata kuniaga." Hooyo alikwisha kufa, sikuwa na wa kumwogopa. Nikanyamaza.

Halima tumemzika mwaka huu.

Nilikuwa nimezaa watoto wangu ndipo nilipoelewa lile swali la pili. Bishar alikuwa amekwisha kukubali kuondoka. Alitaka tu kujua kama anaweza kumwacha bila wasiwasi. Nami ndiye niliyemwambia anaweza, na Halima amekufa akiamini alisahauliwa.