Picha Niliyopigwa Mferejini

Sikunyimwa ruhusa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonichukua muda mrefu kulisema.

Ninamtunza bibi mmoja mzee katika nyumba iliyoko Al Wukair, nje kidogo ya Doha. Wafanyakazi wa nyumbani humwita mzee wa namna hiyo Mama Kabira, yaani mama mkubwa, na huyu wangu ana magoti mabovu na ulimi mkali. Mwaka huu miaka yangu miwili ya mkataba iliisha, na tiketi ya kwenda Kenya ilikuwa haki yangu. Madamu, binti wa huyo bibi, akaniita jikoni. Julai wangekwenda Ufaransa kukodi boti na kusafiri kwenye mfereji wa kale, na mama yake hakutaka kushikwa na mtu mwingine.

"Ukitaka kwenda kwenu, nenda," alisema. "Ukija nasi, utakwenda Desemba. Chagua wewe."

Nilijua Julai ina nini. Binti yangu yuko kidato cha nne, na shule yake hufanya siku ya maombi kabla ya mtihani. Wazazi huja, watahiniwa hupiga magoti, na kila mzazi huishika kalamu pamoja na mtoto wake huku mchungaji akiomba. Nilikuwa nimemwahidi tangu kidato cha kwanza. Lakini tamaa ya kuiona Ulaya ikanishika, mimi ambaye sijawahi kwenda mahali kutazama tu. Nikamwambia binti yangu kwamba nimenyimwa ruhusa, nikamwomba dada yangu asimame badala yangu.

Mfereji wenyewe ulichimbwa kwa mikono zamani za wafalme wao. Ni mwembamba, maji yake ya kijani yametulia, na kando zote mbili wamepanda miti mirefu inayokutana juu. Boti huenda mwendo wa mtu aliyejitwika mzigo. Waendesha baiskeli walitupita ukingoni wakitupungia, nami nikawapungia kwa bidii kama mtu anayewania udiwani.

Siku ya pili nilikuwa nimemaliza kushangaa. Familia ilikaa mbele ikicheka. Mimi na Mama Kabira tulikaa nyuma kivulini. Hakuna aliyenitesa. Ila sikuwa na mtu wa kumwambia, hebu tazama yale mashamba ya zabibu. Siku yangu ya mapumziko Doha huwa mtaa wa Najma, kwa wanawake wenzangu wa Kenya, tunapiga soga mpaka koo linakauka. Kule botini nilishinda nikisema maneno mawili matatu ya Kiarabu, dawa na chakula na choo. Nilikuwa mpweke, na nilikuwa nimejitakia.

Mara kwa mara tulifika mahali mfereji unaposhuka. Boti huingia katika kisima cha mawe, malango yanafungwa nyuma yake, maji yanapunguzwa, nanyi mnazama taratibu mpaka kuta zinawazidi kimo. Mama Kabira aliogopa. Akaukamata mkono wangu, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili akaniuliza kama nina mtoto.

"Mmoja," nikasema.

"Na yeye, nani anamshika mkono?"

Nikajifanya sikuelewa Kiarabu chake.

Tulipotoka tena juani, Madamu akajitolea kunipiga picha. Nilivua aproni, nikashika glasi ya sharubati isiyokuwa yangu, nikacheka meno yote nje. Ilikuwa Jumamosi, siku yenyewe ya maombi, na nilitaka mtu yeyote aniambie nimependeza. Nikaiweka kwenye status ili wenzangu wa Najma waione. Sisi tulio nchi za Ghuba tunaijua kazi hiyo: kabla hujaweka, unawaficha watu wa nyumbani mmoja mmoja, wasije wakadhani umetajirika. Nilimficha mjomba, nikawaficha majirani, nikamficha hata mchungaji. Dada yangu alikuwa amebadilisha laini wiki hiyo. Ile ya zamani niliificha, mpya nikaisahau.

Wanafunzi hawana simu. Binti yangu aliazima ya dada yangu ili anipigie, na mtandao kwenye mfereji ulikuwa ukija na kupotea. Uliporudi nilikuta simu tatu zilizonikosa na ujumbe mmoja: "Umependeza, Mama. Boti iko poa." Nikaifuta picha. Kisha nikamkatia Mama Kabira tofaa lake.

Agosti, shule zilipofungwa, nilimpigia binti yangu kutoka chumbani kwangu Al Wukair, bibi akiwa amelala usingizi wa mchana. Nilimwambia yote: kwamba niliulizwa, na kwamba nilichagua.

"Nilijua," akasema. "Mtu amenyimwa ruhusa hacheki hivyo."

"Anti alikushikia kalamu?"

"Alitaka. Nikakataa, nikaishika pekee yangu. Mwalimu wa darasa akakuja kuniuliza mzazi wangu ako wapi. Nikamshow walikunyima ruhusa."

Nilishusha pumzi. Hapo, nilijiambia, alikuwa bado anauamini uongo wangu. Nikamuuliza tu ili nipate uhakika.

"Wakati huo ulikuwa hujaiona picha?"

"Nilikuwa nishaiona, Mama."