Kubadhi Lililobaki Mtoni

Dada yangu alipoposwa, wa kwanza kununa nilikuwa mimi. Si kwamba mposaji nilimchukia. Nilimjua vizuri kuliko nilivyotaka kumjua, maana mara tatu ndani ya mwaka mmoja alikuja kwenye kibanda changu Makadara, Mombasa, na saa ile ile, kioo kimefunga ukungu, ndani maji ya matope. Mimi ni fundi saa. Mara ya tatu nilimwambia, "Bwana, saa si samaki." Akacheka, akakaa kwenye benchi kunisubiri, na akasubiri mpaka dada yangu alipoleta chakula cha mchana. Baadaye ndipo nilipopata habari kwamba mara ya kwanza saa ilizama kwa bahati mbaya, lakini ya pili na ya tatu ilizamishwa. Nilichezewa kibandani mwangu mwenyewe, nami natoza nusu bei kwa huruma.

Alikuwa mtu wa kando ya Mto Sabaki, mpole, mswalihina, amepanga chumba Tononoka. Kilichonikera ni kazi yake. Kwetu Mji wa Kale ukitaja chombo, watu huuliza ni chombo cha nani na kimetoka wapi. Huyu chombo chake kilikuwa boti la mpira la kujazwa upepo, na kazi yake kuwateremsha watalii kwenye maji makali ya Mto Athi, huko bara. Yaani watu walitoa fedha zao ili wamwagiwe maji. Nikambandika jina la nahodha wa puto, na jina likashika nyumba nzima, ingawa dada yangu hakulicheka hata siku moja.

Kwetu posa haijibiwi papo hapo. Wazee wa mume wakishakunywa kahawa na kusema yao, wenye mtoto huomba muda "waulize". Na kuuliza ni kazi hasa: waenda msikiti anakoswali, kwa majirani, kwa tajiri wake, wapekua. Baba alikuwa ameshafariki na mimi ndiye mwanamume mkubwa wa nyumba, kwa hivyo kuuliza kulikuwa kwangu. Siku ya nikaha, mimi ndiye ningekuwa walii, wa kumuoza. Nikisema ndiyo ni ndiyo, nikisema hapana dada yangu angelia, lakini ingebaki hapana.

Msikitini walimsifu. Tononoka majirani walimsifu, hata bibi mmoja ambaye kwa kauli ya mtaa mzima hajapata kumsifu mtu. Nikarudi nyumbani nimekasirika.

"Sasa wataka nini?" mama aliniuliza.

"Nataka kujua ile kazi yake ni kazi au ni mchezo."

"Basi nenda kamtizame kwa mato yako. Mtu yuwajulikana kazini, si barazani."

Dada yangu alinifuata mpaka ngazini. "Kaka," alisema, "ukirudi na hapana, sitakuuliza mara mbili. Lakini hiyo hapana iwe imetoka kwake. Isiwe imetoka kwenye kiburi chako." Neno hilo liliniuma, kwa sababu kiburi ninacho na aliyekua nami hahitaji kukitafuta.

Nikapanda basi mpaka Mtito Andei, na kutoka hapo lori la kampuni anakofanya kazi mposaji likatuchukua mimi na watalii wanne, safari ya vumbi tupu. Nilikuwa nimevaa kiheshima, shati la kupigwa pasi na makubadhi mapya ya ngozi, kazi ya mikono, ambayo fundi wake alinihakikishia yatanizika. Tulipofika niliutazama mto. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda mbio na kupiga kelele kama watu wanaogombana chumba cha pili.

Mposaji alinipokea kwa adabu, akanibusu mkono ingawa tulikuwa karibu rika moja. Akanieleza kwamba huu Athi ukiteremka huitwa Galana, na ukikaribia bahari huwa ndio Sabaki alikozaliwa. Nikamwambia mto wenye majina matatu una kitu unaficha.

"Na mamba je?" nikauliza.

"Wako, kaka. Ila hapa penye fujo hawakai. Wanapenda utulivu, kama wazee."

Akatugawia makafi, kofia ngumu na majaketi ya kuelea. Alizivuta kamba za jaketi langu mpaka pumzi ikapungua. Kisha akaangalia miguu yangu, akasema polepole, "Kaka, tuna viatu vya kufunga, pengine vitakutosha." Nikamjibu kwamba mimi nimezaliwa ufuoni na sijapata kufundishwa cha kuvaa majini. Akanyamaza. Hapo nilijihesabia ushindi.

Halafu akatoa darasa. Ukianguka, alisema, usipigane na maji. Lala chali, miguu mbele, vidole uvione juu, uache maji yakuchukue mpaka pale yanapotulia. "Na usisimame. Hata miguu ikigusa chini, usisimame."

Niliguna. Kuogelea nilifundishwa na baba, bandari ya kale, chini ya nyumba zetu, na kanuni yake ilikuwa moja. "Mguu ukigusa tini, simama," akisema. "Ukisimama umeokoka." Kanuni hiyo ilinivusha utotoni mara nyingi kuliko alizojua mama. Sasa huyu anakuja kuipindua.

Maporomoko mawili ya kwanza yalikuwa madogo, na nikiri kwamba nilifurahi. Tulirushwa, tukalowa, mtalii mmoja akapoteza miwani. Kabla ya la tatu mposaji akaliegesha boti kando, akatushusha, tukatembea ukingoni juu ya mawe mpaka mahali pa kuliona lote. Alilisoma kimya kwa muda mrefu. Akatupa kijiti, akakifuata kwa macho. Akatupa cha pili mahali pengine, hicho kikazama nyuma ya jiwe kubwa na kisitoke. Akatuonyesha ulimi wa maji laini unaopita katikati ya povu. "Njia yetu ni ile," alisema. "Kushoto pale ndipo kilipozama kijiti."

Maji yalinionekea mengi mno. Nikasema kwa sauti ya mjuzi, "Kwani haraka ya nini? Tungojeni yapwe."

Watalii hawakunielewa. Yeye alinielewa, akakaza midomo kicheko kisimponyoke. "Huku hayapwi, kaka," alisema. "Huku yakienda yameenda." Nikajisikia mpumbavu. Mtu wa Mombasa nimesimama kando ya mto nasubiri maji kupwa.

Tukashuka. Akipiga kelele "Mbele!" tunapiga kafi, akisema "Shika!" tunajiinamisha na kushika kamba. Aliposema shika mara ya pili, mimi nilikuwa nimegeuka kumtazama yeye. Nilikuwa namtafuta kosa. Boti lilipanda, likainama, nami nikatoka kama pipi iliyotemwa.

Maji yale hayakuwa na chumvi, nakumbuka jambo hilo lilinishangaza. Nilikunywa tope, nikaibuka, nikazama tena, kisha mguu wa kulia ukagusa chini. Moyo ukafurahi. Nikasikia sauti ya baba kabisa, nikasimama.

Mguu uliingia katikati ya mawe mawili ukabanwa. Maji yakanipiga mgongoni, yakanikunja kifudifudi, uso ndani. Sikuwa na nguvu wala maarifa. Niliogopa, na nilimuwaza mama. Nilipopata kuinua kichwa nikasikia, "Lala! Usisimame! Lala!" na kamba ikaniangukia begani. Nikaishika, ikavutwa kutoka upande, mkanda wa kubadhi ukakatika, mguu ukachomoka. Nikalala chali kama maiti wa kuoshwa, miguu mbele, nikayaacha maji yanipeleke mpaka kwenye kidimbwi kilichotulia, na hapo mikono ya mposaji ikanitoa.

Alinikalisha juu ya jiwe, akaukagua mguu kidole kwa kidole. Ulikuwa umechubuka tu.

"Kosa ni langu," alisema. "Niliyaona makubadhi nikanyamaza. Niliogopa kukuudhi, kwa kuwa ni kaka yake."

Nilizoea watu kunitupia mimi makosa yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, hata majibu nilikuwa nayo.

Mbele kulikuwa na poromoko la mwisho, kubwa kuliko yote. Watalii wakapanda boti. Nami nikanyanyuka na kubadhi langu moja, maana sikutaka isemwe nimekimbia.

"Wewe hushuki hapa, kaka," alisema. "Utapita ukingoni kwa miguu."

"Unanikataza?"

"Ndiyo, nakukataza."

Nikamkumbusha nimekuja kwa kazi gani. Nilimwambia waziwazi, hata sasa naona haya, kwamba jibu la dada yangu limo mfukoni mwangu. Alinitazama, macho yamemjaa maji yasiyo ya mto.

"Ukininyima dadako nitaumia," alisema. "Lakini ukifa, nitamwambia nini?"

Nikatembea. Ukingo wote ni miiba na mawe ya moto, mguu mmoja umevaa na mmoja uchi, nachechemea. Kutoka juu nikamwona anavyoliongoza boti. Mara hiyo sikumtafuta kosa. Alikuwa akitazama mahali ambapo boti lingekuwa muda mfupi baadaye, na kila neno lake liliwafikia wale watu mapema, kabla hawajaanza kuogopa. Niliwaza kwamba mtu kama huyu, dada yangu akiwa mgonjwa au amekosea, atamwambia ukweli hata kama unamgharimu. Mimi mwenyewe sijui kama ningeweza.

Nilirudi nyumbani siku ya pili, mchana wa jua kali. Mama alikuwa ukumbini anachambua mchele na dada yangu amesimama mlangoni. Mama alinitazama kutoka chini kwenda juu.

"Na kubadhi la pili li wapi?"

"Limebaki kwa mkweo," nikasema.

Dada yangu akarudi chumbani akafunga mlango. Tukamsikia analia na kucheka kwa pamoja, na mama akaendelea na mchele wake, ila mawe alikuwa hayaoni tena, akiyaacha yapite.

Nikaha ilikuwa baada ya sala ya alasiri, katika msikiti wa mtaani kwetu. Nikakaa mbele ya bwana harusi, mkono wangu wa kulia katika mkono wake, na mwalimu wa dini akanipa maneno ya kuoza nitamke. Nikaanza. Nilipokaribia jina la dada yangu, ambalo lazima lifuatwe na jina la baba, nikakwama. Pale palikuwa pahali pa baba. Nilikaza shingo, nikameza mate, nikajaribu kuwa mwanamume mkubwa wa nyumba, na msikiti mzima ukaningoja.

Bwana harusi akauminya mkono wangu. Akainama, akaninong'oneza, "Usisimame, kaka."

Kicheko kilinitoka puani. Mwalimu akanitazama kwa jicho kali. Nikaomba radhi, nikaanza maneno yote upya, polepole, na nilipolifikia jina la baba nikalitaja, na machozi nikayaacha yaende yanakokwenda.