Kula ni Lazima

Mpaka leo nikipita kwenye ile baraza ya mtaa wa Mfaranyaki hasira zinanipanda upya. Sitanii.

Ilikuwa Jumamosi, anatafutwa mtu mmoja wa kwenda Mbeya kucheza sataranji kwa niaba ya Songea. Tulibaki wawili: mimi, mwalimu wa shule ya msingi, na mwenye duka la vipuri vya pikipiki. Baraza yake, ubao wake, watazamaji wake. Madereva wa bodaboda walijaa pale, wateja wake wote, mabingwa wa drafti, sataranji hawaijui. Nafasi ile niliitaka mno. Tangu nianze kucheza pale nilikuwa naambiwa nimekuja kusindikiza.

Yeye nyeupe, mimi nyeusi. Akasogeza askari wa mbele ya mfalme hatua mbili, nami nikasogeza wangu, wakatazamana. Papo hapo akamsukuma na askari wa pembeni yake, akaniwekea nimle bure. Mtego ule naujua. Ukimla unaachia katikati, halafu unashambuliwa mpaka ukome. Nikamwacha, nikatoa askofu wangu.

Lo! Baraza nzima ikalipuka.

"Kula, mwalimu! Kula ni lazima!"

Kwenye drafti ni kweli, kete ikikaa vibaya mbele yako unaila, upende usipende. Lakini hii si drafti! Nikamgeukia mwenye duka awaeleze, maana sheria anazijua. Akajitia hamnazo. Akakuna kidevu, akasema, "Sasa mwalimu, watu wanasema lazima. Rudisha askofu, ule."

Ebo! Mtu mzima na mvi zake ananiibia mchana kweupe, na watu wanampigia makofi! Mmoja akadakia, "Wanawake bwana, waoga tu." Nilitamani niumwage ubao barabarani niende zangu nyumbani. Ndicho walichokuwa wanakisubiri.

Nikatazama tena. Yule askari niliyekataa kumla, sasa yeye ndiye angeweza kumla wangu.

"Sirudishi," nikasema. "Ila kama kula ni lazima, bosi, askari wangu huyo mbele yako. Zamu yako. Kula."

Madereva wakadakia kwa kelele zile zile. "Kula, bosi! Kula ni lazima!"

Alinitazama. Alishajua ni mtego. Lakini angesema nini, na maneno ni yake mwenyewe? Akala.

Malkia wangu akatoka moja kwa moja hadi ukingoni, akamtishia mfalme. Bosi akamkinga kwa askari. Malkia akala askari wake wa katikati, akawatishia mfalme na ngome kwa mpigo mmoja; ngome yake imekwenda.

Hapo ndipo sheria zilipomrudia kichwani. "Jamani, ngojeni, hii si drafti," akasema, mkono tayari ubaoni. "Sataranji hakuna lazima. Narudisha."

Nikaushika mkono wake, nikautoa.

"Umeshakula, bosi."

Mbeya nilikwenda mimi, na hasira zangu nilipanda nazo basi.