Lori Lililoondoka na Wanamieleka Wangu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, kahawa ikiwa imeanikwa kwenye kila ua pale Kanoni, nilipofika uwanjani nikakuta lori limesimama, injini inaunguruma. Nyuma walikuwa wamepanda vijana wangu wote. Nasema wangu, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea kusema wakati ule.

Wewe umezaliwa mieleka ikiwa imeshapoa huku kwetu, kwa hiyo acha nikueleze kidogo. Vita ilipokwisha, nilirudi kutoka jeshini, vijana wengine nao walirudi makwao, na Jumapili baada ya ibada hawakuwa na la kufanya ila kunywa pombe ya rubisi na kugombana. Sabuni ilikuwa ya kutafuta, sukari ya kutafuta, na furaha nayo ilikuwa ya kutafuta. Mimi nikawakusanya wenye nguvu, nikawapanga mtu na wa kimo chake, nikaomba kibali ofisini, nikazunguka kijiji kwa kijiji kutangaza. Watu wakaja. Walitoka Igurwa, walitoka Nyakahanga kwa miguu, kina mama wakiwa na watoto mgongoni. Wakatuita Kampuni ya Sylvester. Jina lile lilinipendeza mno. Nilikuwa nikilisikia njiani napunguza mwendo ili nilisikie tena.

Kijana aliyewavuta watu kuliko wote aliitwa Nestori. Wazazi wake walikuja kutoka Rwanda wakawa vibarua kwenye mashamba ya Igurwa. Baba yake alikuwa ameshafariki, na mama yake alikuwa amepungukiwa nguvu za macho. Nilimfundisha mieleka tangu akiwa hajui hata kuweka miguu. Akaniita mwalimu.

Lori lenyewe lilikuwa la Gervase, mnunuzi wa kahawa. Alianza kwa kutusaidia usafiri tu, nami nikamshukuru. Asubuhi ile alikuwa kwenye usukani.

“Mwalimu,” Nestori aliniambia kutoka juu, bila kunitazama usoni, “Bwana Gervase anasema tutafika hadi Bukoba. Anasema huko tutalala kwenye vitanda.”

“Na mimi?” nikauliza.

Gervase ndiye aliyejibu, mkono wake ukining'inia dirishani. “Wewe pumzika sasa, Sylvester. Umefanya kazi kubwa. Kibali nimeshakichukua kwa jina langu.”

Lori likaondoka na ngoma yangu pia, ile niliyokuwa nikitangazia mashindano. Nilibaki pale na lundo la majani makavu ya migomba, yale niliyokuwa nikiyatandaza chini kila shindano ili mtu akiangushwa asivunjike. Hayo hawakuyahitaji.

Nilirudi nyumbani nikafunga mlango. Shambani sikwenda, kanisani sikwenda. Kahawa yangu ikaiva, ikakauka kwenye miti, ikadondoka. Watu walipita njiani wakiulizana kampuni ingecheza wapi wiki hiyo, nami nikawachukia kwa kuuliza. Chakula aliniletea shangazi yangu Paskazia, dada wa baba, aliyenilea baada ya mama kufariki. Nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa migomba. Aliweka sahani, akasema, “Kula, baba,” akaondoka. Hakuniuliza kitu.

Mambo yalikaa hivyo hadi mvua zilipokaribia. Kisha habari zikaja kwamba Gervase aliwachezesha vijana kwenye uwanja wa changarawe tupu, hakuna kilichotandazwa. Nestori alinyanyuliwa, akatupwa, akaangukia kiuno. Hakuinuka. Walimpeleka hospitalini Nyakahanga.

Alasiri ya siku iliyofuata ua wangu ulijaa vijana. Wengine walikuwa wameteremka kutoka kwenye lori lile lile. Walikuwa na marungu na mapanga, na mmoja wao, Alfonsi, alishika dumu la mafuta ya taa.

“Mwalimu,” alisema Alfonsi, “lori liko nyumbani kwa Gervase, na yeye yuko ndani. Sema neno moja tu.”

Mwanangu, sikiliza vizuri hapa. Tangu siku ile uwanjani hakuna mtu aliyekuwa amesubiri neno langu. Sasa walisimama wengi, wakinitazama mdomoni. Nilihisi mgongo wangu ukinyooka. Nilikuwa Sylvester tena. Na mdomo ulishaanza kufunguka.

Shangazi akatokea kwenye migomba, jembe begani, udongo ukiwa bado umemshika miguu. Vijana wakamwamkia shikamoo, naye akaitikia, kisha akauliza, “Nani amekwenda kumpikia Nestori?”

Alfonsi akahamishia dumu mkono wa pili.

“Mama yake haoni njia, na ndugu zake wako mbali. Nani anamlisha? Nani anamgeuza kitandani?” Akateremsha jembe, akanigeukia mimi. “Sylvester, lori likishaungua, Nestori atashiba?”

“Shangazi, huyu mtu amenimaliza,” nikasema.

“Umekaa ndani unalia kampuni, kampuni. Kampuni ni nini kama si hawa watoto? Mmoja wao amelala Nyakahanga kama gogo, nawe unafikiria gari. Na ndani ya nyumba ile ya Gervase kuna mke na watoto, umewafikiria? Kama wewe ni mkubwa wao, uwe mkubwa wao leo. Kama huwezi, rudi ndani ufunge mlango wako. Lakini chakula changu hutakiona tena.”

Hakuwahi kunisemesha hivyo mbele za watu. Nilitamani ardhi inifiche. Nikatazama lile dumu, nikatazama mikono ya wale vijana. Niliwajua wote kwa majina, na majina ya mama zao pia.

“Wekeni chini hivyo vitu,” nikasema. “Mimi ninakwenda Nyakahanga. Anayetaka kunifuata anifuate, tutapokezana kumwangalia.”

Alfonsi alilipiga teke dumu, akasema vita ilinirudisha mwoga, akaondoka. Kuna walioondoka naye, lakini bila mimi hasira yao haikufika kwa Gervase. Wachache wakabaki. Shangazi akaingia jikoni.

Nestori aliponiona aligeuza uso ukutani. “Umekuja kunicheka, mwalimu?”

“Nimekuja na ndizi na maharage. Shangazi amepika. Kula kabla hayajapoa.”

Nilimlisha kwa kijiko. Alitafuna huku machozi yanamshuka masikioni, kwa kuwa alikuwa amelala chali. Muuguzi alinifundisha namna ya kumgeuza bila kumwumiza. Nilimwosha, nilifua nguo zake. Nilipokuwa nikirudi nyumbani kupumzika niliikuta kahawa yangu inahitaji kupaliliwa, nikashika jembe.

Siku moja nilikutana na Gervase mlangoni pa wodi. Alisimama ghafla, na mfuko wa sukari mkononi.

“Nilisikia vijana walikuja kwako,” alisema.

“Walikuja.”

“Na lori langu lipo.”

“Ingia umwone mgonjwa, Gervase. Anakuulizia.”

Aliingia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kofia magotini, akausogeza mfuko wa sukari karibu na mto. Usidhani tulikuwa marafiki baada ya hapo. Kampuni hakunirudishia, nami sikuiomba. Lakini wazazi waliacha kumpa vijana wao, na baada ya muda akarudia kahawa yake.

Nestori aliinuka, akatembea, ila mguu mmoja ulibaki ukiburuzika. Mieleka kwake iliishia pale. Vijana walipokuja kuniomba nianze upya, niliwaambia kazi hiyo waishike wenyewe, na Nestori awe mwamuzi wao, kwani hakuna aliyejua hatari ya uwanja kumzidi. Walikubali. Siku ya kwanza nilipokaa kwenye nyasi pamoja na watazamaji, nikisikia wakitangaza jina ambalo si langu, niliumia. Niliumia kweli. Nikaendelea kukaa mpaka mwisho.

Sasa na wewe, mwanangu, najua wenzako wamekuondoa katika kile ulichokijenga, na najua mlango wako umefungwa tangu wiki iliyopita. Lia, sikukatazi. Ila usikae humo mpaka shamba lako life. Na watakapokuja watu na hasira yao, wakakuambia sema neno moja, jihadhari nao hata kama wanakupenda, maana utajiona mkubwa tena, na ukubwa huo unaweza kuondoka na roho za watu. Uliza kwanza ni nani kati ya wale uliokuwa nao ambaye ameumia. Nenda kwake, hata kama alikuacha. Jina liache liende kwa anayelitaka.

Mungu akupe mikono isiyokosa kazi na moyo usioshika kinyongo. Akulinde uingiapo na utokapo, na nyumba yako isipungukiwe watu wa kula pamoja nawe. Haya, inuka sasa, mwanangu. Nenda.