Mume wangu alitoka kwenye vanila, nikadhani ameniletea ugonjwa: tulichojifunza kuhusu mikono chumbani

Wakuu, habari za mchana. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo.

Ninachosimulia hapa kimenipata mwenyewe, nyumbani kwangu, na mwenye nyumba, yaani mume wangu, amesoma kabla sijapandisha. Amecheka, amefuta mstari mmoja, ameniruhusu.

Ni mambo ya watu wazima. Kama bado unasoma shule, funga ukurasa huu, nenda kachote maji.

Mimi nimezaliwa Kashozi, nje kidogo ya Bukoba. Nimeolewa Ijumbi, wilaya ya Muleba. Nashona nguo barazani kwangu. Mume wangu, Baba Koku, ni mkulima: migomba, kahawa, na siku hizi vanila. Koku ni binti yetu, yuko darasa la pili.

Sasa, kwa wasiojua: kwetu Wahaya mikono na uchezeshaji wa mwanamke si jambo geni. Kuna ule mtindo wetu maarufu, katerero, wa kumgusagusa mwanamke kwa mdundo, taratibu, sehemu ya nje, mpaka mwili wake ujiachie. Mnautania sana humu jukwaani, nimewaona.

Kabla ya kuolewa, shangazi yangu, Ma Paskazia, alinikalisha jikoni akanifundisha. Alinieleza nikae vipi, nitulie vipi, nitandike nini kitandani. Alimaliza na onyo: "Ukilalamika, watasema Kashozi hatufundi watoto."

Baba Koku naye alifundishwa. Mwalimu wake alikuwa rafiki yake Mutashobya na wenzake, kwenye kibanda cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Huko somo lilikuwa moja tu: mwanaume wa Kihaya ambaye mkewe hamwagi maji hajafika popote.

Mnaona tatizo lilipo? Mimi nilifundwa kutulia. Yeye alifundwa kushinda. Hakuna aliyetuambia tuongee.

Kwa hiyo miaka ya mwanzo ilikuwa hivi. Baba Koku ni mtu mpole, hata kuku hamfukuzi kwa jiwe. Lakini tukiingia chumbani anakuwa kama mtu anayewasha mashine ya kusaga. Kasi, nguvu, halafu swali: "Vipi, bado?"

Bado. Tena ukiulizwa "bado" kwa sauti ile, hata kilichokuwa njiani kinageuza.

Tukaenda hivyo hivyo. Sikuwa na shida naye kwa mengine yote. Nampenda.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Jumamosi moja msimu wa mvua, Koku alikuwa kwa bibi yake mzaa baba, ng'ambo ya kibanja chetu cha migomba. Baba Koku alishinda shambani akikata marando ya vanila ya kugawia wanakikundi wenzake wakapande. Marando ni yale mashina marefu yanayotambaa kwenye miti. Ukiyakata yanatoa utomvu.

Mvua ikamkimbiza. Akafika mlangoni, akakinga mikono chini ya michirizi ya bati, akaisuuza, akaikung'uta, akaingia. Nyumba tulivu, bati linapiga kelele, mtoto hayupo. Watu wazima mnaelewa.

Hazikupita dakika nyingi nikaanza kusikia moto. Mwanzoni nikadhani ni ile kasi yake. Nikamwambia aache. Akaacha, hilo nampa. Lakini moto haukuacha. Jioni nilikuwa nawashwa, nimevimba, hata kukaa kwenye kiti cha cherehani siwezi.

Wakuu, mwanamke akiungua huko, jambo la kwanza linalomjia kichwani si utomvu.

Miezi ile Baba Koku alikuwa anakwenda sana Muleba mjini kwenye vikao vya kikundi cha vanila. Jirani mmoja alishaniuliza, kwa sauti tamu kabisa, "Hivyo vikao huwa na wanawake pia?" Nikaunganisha.

Nikamuuliza: "Baba Koku, umetoka wapi?"

"Si nimetoka shambani?"

"Shamba la nani?"

Akanitazama kama nimemzaba kibao. Akaapa kwa mama yake. Sikumsikiliza. Asubuhi nikafunga begi, nikaanza safari ya Kashozi kwa wazazi wangu.

Nilipita kwanza kwenye zahanati moja Bukoba. Muuguzi alikuwa dada mmoja asiye na haraka. Akanipima, akanikagua, akasema: "Kwa vipimo vya leo hakuna ugonjwa wa zinaa. Ila ngozi imeungua. Umepaka nini huko?"

"Sijapaka kitu."

"Sabuni ya kipande? Majani? Dawa ya mganga?"

"Hapana."

"Basi kuna kitu kimekugusa." Akanipa dawa ya kupaka, akaniambia nisafishe kwa maji tu, na baba mtoto naye aje apime, kisha turudie pamoja baada ya muda.

Nikatoka pale moyo hauko juu wala chini. Kipimo safi, lakini kilichonigusa ni nini?

Kashozi nikamweleza Ma Paskazia peke yake. Akasikiliza, akaguna. "Mawe, mama wee! Mwanangu, umerudi nyumbani kwa sababu ya vidole?"

"Nimeungua, shangazi."

"Wenzako wanalia hawaguswi."

Nikachukua kisu nikamsaidia kumenya ndizi. Lakini moyoni nilishaamua. Kama sitapata jibu lililonyooka, Ijumbi sirudi, na Koku nitamfuata.

Kwetu mke akirudi kwao, mume haji kumchukua kama anavyochukua baiskeli kwa fundi. Anakuja na watu wake, na kibuyu cha rubisi, mnakalishwa sebuleni, wazee wanazungumza. Baba Koku akaja na baba yake mkubwa. Amevaa shati la kanisani, mikono mirefu, vifungo vimefungwa mpaka kwenye kifundo cha mkono, na jua lilikuwa kali.

Baba mkubwa akaanza kwa heshima ya Kihaya. "Waitu, tumekuja kwa unyenyekevu. Mbuzi wetu alikata kamba..."

"Binti yangu si mbuzi," baba yangu akasema.

"Ni lugha ya kikao, waitu."

"Hata kwenye kikao si mbuzi."

Wakaendelea na mbuzi wao. Mimi macho yangu yalikuwa kwa Baba Koku. Alikuwa amekaa kwa adabu zote, kichwa chini, ila mkono wa kulia ulikuwa haukai. Unasugua wa kushoto, unaacha. Unasugua tena, juu ya shati, polepole, kama mtu anayeficha.

Nikasema, "Baba Koku, kunja shati."

Kikao kikasimama. Baba mkubwa akaniambia, "Mama, bado hatujafika huko."

"Kunja shati, tafadhali."

Akafungua vifungo, akakunja. Kuanzia vifundo vya mikono hadi karibu na viwiko, vipele vyekundu, vingine vimekwaruzwa vikatoa maji.

"Hiyo ni nini?"

"Si ni yale marando," akasema kwa aibu. "Utomvu wake unawasha. Kila nikikata yananitoa vipele hivi, hasa nisipopaka mafuta kabla. Safari hii nilikata mengi."

"Uliosha na nini ile Jumamosi?"

Akanitazama, akatazama vidole vyake, na nikaona kabisa jambo limemwingia. Wakuu, sijawahi kuona mtu mweusi akiwa mwekundu namna ile.

"Maji ya mvua," akasema.

Ma Paskazia, aliyekuwa amesimama mlango wa jikoni, akaelewa wa kwanza. Akajifunika uso kwa kanga, akaingia ndani, tukamsikia akicheka mpaka anakohoa.

Baba yangu akauliza, "Kuna nini? Mbona mimi siambiwi?"

Nikamjibu, "Baba, nimepata jibu langu. Rubisi inaweza kunywewa."

Mpaka leo baba yangu anajua kwamba ugomvi ule ulihusu shati.

Tulikwenda kupima wote wawili, na baadaye tukarudia kama muuguzi alivyosema. Safi. Ningekuwa mwongo nikisema hilo lilimaliza kila kitu. Utomvu ulikuwa umeelezeka. Ile "vipi, bado?" ilikuwa haijaelezeka.

Ilielezeka shambani. Vanila ilipochanua nilienda kumsaidia. Ua la vanila huku kwetu halina mdudu wa kulichavusha, ni mkono wa mtu. Unafanya asubuhi, kwa kijiti. Unalishika ua kwa chini, unafungua kwa upole, unainua kile kiutando cha ndani, unakandamiza kidogo kwa kidole gumba. Ukilazimisha linachanika. Ukiharakisha halishiki.

Nikasimama namwangalia mume wangu. Kila ua analigeuza, analitazama, anapumua, ndipo anagusa.

Nikamwambia, "Baba Koku, mbona ua unalisikiliza kuliko mimi?"

Hakucheka. Akashusha kijiti, akasema, "Ua halina Mutashobya wa kuniuliza kesho yake."

Hapo ndipo tulipoongea. Tumesimama kwenye vanila, mchana kweupe, wote tumevaa nguo. Akaniambia alivyokuwa anaogopa. Nikamwambia kilichokuwa kinaniuma na kilichokuwa kinanifurahisha. Nawashauri sana: maongezi haya yafanyieni nje ya kitanda, mkiwa na kazi mikononi. Aibu hupungua.

Sasa niwape tuliyojifunza, mengine kwa muuguzi, mengine kwa kujaribu.

Kwanza mikono yenyewe. Kucha fupi, zilizosuguliwa zisikwaruze. Ukiwa na kidonda au mchubuko kidoleni, subiri upone. Kunawa ni kwa sabuni, mpaka chini ya kucha, kisha kusuuza vizuri. Maji matupu hayaondoi utomvu wa vanila, hayaondoi pilipili, hayaondoi dawa ya mimea. Nyie wakulima, wapishi na mafundi magari, nawasemea nyie. Ngozi ya huko si ngozi ya kiganja. Na huko ndani kwa mwanamke hakuoshwi kwa sabuni, panajisafisha penyewe.

Kukiwa kukavu usilazimishe. Ukavu si ishara kwamba hakupendi. Mwili unahitaji muda, au uchovu umezidi, au ananyonyesha. Tumia kilainishi cha maji kinachouzwa duka la dawa. Mafuta ya mgando na ya kupikia yaacheni, hasa kama mnatumia kondomu, maana yanaiharibu inapasuka.

Halafu, usikimbilie katikati. Mgongo, shingo, mapaja, hivyo navyo ni mwili. Ukifika, anza nje, juu juu, kiganja kizima kabla ya kidole. Kisimi kina hisia kali mno, wengi hatutaki kiguswe moja kwa moja mwanzoni. Gusa pembeni yake, au juu ya ngozi inayokifunika. Kuingiza kidole si lazima. Wengi wetu raha iko nje, na ndiyo maana babu zetu waligundua mdundo wa nje.

Akisema "hapo hapo", maana yake ni hapo hapo. Usiongeze kasi kama umepewa zawadi. Endelea vile vile. Kosa hili wanaume mnalifanya wote, sijui mnaambizana wapi.

Mkono uliogusa nyuma usirudi mbele kabla ya kuoshwa. Hilo halina mjadala.

Akisema inauma, acha, muulize. Ukiona yeye hawezi kusema, weka mkono wake juu ya wako akuongoze. Sisi hiyo ndiyo ilitusaidia kuliko yote, kwa sababu mimi nilikuwa nimefundwa kutulia, maneno yalikuwa hayatoki.

Na akina dada, mume naye ana mwili. Mikono yetu nayo ioshwe. Usimkamate kama unakamua nguo, tumia kilainishi, mwombe akuonyeshe nguvu anayoipenda. Baba Koku alishangaa kuulizwa mpaka nikacheka.

La mwisho, ndugu zangu Wahaya. Maji. Kuna wanawake wanayatoa, kuna wasioyatoa, kuna wanaoyatoa mwezi huu na si ujao. Si kipimo cha mwanaume. Mimi tangu Baba Koku aache kuyatafuta ndipo nilipoanza kufurahi, na siku yakija yanakuja yenyewe, hatuyaiti kwenye kikao.

Na kumbukeni, vidole vinapunguza hatari ya magonjwa, haviiondoi. Kama ni mtu mpya, pimeni wote kwanza.

Mutashobya aliuliza tena, pale kibandani. Baba Koku akamjibu, "Muulize mkeo." Naambiwa Mutashobya aliondoka mapema siku ile. Wiki iliyofuata mkewe alikuja kwangu kushona gauni, akakaa sana baada ya kipimo kuisha. Tuliongea vizuri.

Siku hizi kuna beseni, jagi na sabuni kando ya mlango wetu. Akitoka shambani akanawa mara moja, najua ana njaa.

Akinawa mara mbili, namtuma Koku kwa bibi yake.

Haya, mimi nimevua aibu yangu kwa niaba yenu. Wenye swali ulizeni, wauguzi mlio humu nirekebisheni nilipokosea, na wewe uliyesoma mpaka hapa kimya kimya, angalia kucha zako kwanza ndipo uandike.